Mashahidi wa Neno Mtumba

Ilikuwepo, na kwa bahati mbaya bado ipo, nchi moja ambayo jina lake halitajwi hapa kwa sababu hubadilishwa kila anapoteuliwa Waziri mpya wa Habari, na wiki hii ameteuliwa wa tatu. Katika nchi hiyo kila kitu kilikuwa na ofisi yake. Mvua ilikuwa na kurugenzi, ukame ulikuwa na kurugenzi kubwa zaidi, na maneno yalikuwa na Baraza. Baraza la Maneno lilikaa ghorofa ya tatu ya jengo ambalo ghorofa yake ya pili haikuwa imejengwa bado, kwa hiyo wafanyakazi wake walikuwa watu wembamba, wavumilivu, waliozoea ngazi ya mbao.

Herufi M ilikuwa mikononi mwa Kasiani Mbuya, mtu wa miaka arobaini na minne, mwenye mwandiko mzuri kuliko wote katika utumishi wa umma. Herufi Q na X, ambazo lugha ya nchi hiyo haizitumii, zilikuwa na wakurugenzi wawili, mashemeji wa Mkuu wa Nchi, na kila mmoja alikuwa na gari na dereva. Kasiani hakuwaonea wivu. Yeye alikuwa na makabati sita yaliyojaa kadi, na aliamini kwa dhati, maskini, kwamba taifa likipotea siku moja litakuja kuulizwa kwenye makabati yake.

Kadi hizo zilikuwa na desturi yake. Mwasisi wa Baraza alikuwa hakimu mstaafu aliyeteuliwa kimakosa. Lugha hakuijua sana, lakini ushahidi aliujua. Siku ya kwanza kazini alitunga kanuni ya kwamba hakuna maana itakayoingia kwenye Kamusi ya Taifa bila shahidi. Ukisikia neno limetumika kwa maana mpya, sharti uandike nani kasema, jina lake kamili, kazi yake, anaishi wapi, siku gani, na alikuwa anafanya nini mdomo wake ulipofunguka. Hakimu alikufa, kanuni ikabaki. Wataalamu wa nchi nyingine walipokuja kutembelea walitazama kadi zile wakatikisa vichwa, na Kasiani alidhani wanashangaa kwa kupendezwa.

Katika makabati yote sita alilipenda neno moja kupita mengine, nalo ni mtumba. Kadi zake zilikuwa kumi na moja, na mtu akizisoma kwa mfululizo aliisoma nchi nzima bila kusinzia, jambo lisilowezekana kwa kitabu cha historia kilichoidhinishwa. Ya kwanza ilisema mtumba ni mzigo wa nguo uliofungwa vizuri na kutwikwa kichwani mwa mpagazi, miezi mitatu kwa miguu kutoka pwani hadi bara. Shahidi wake, mzee Mnyamani, alikuwa na kishimo utosini ambacho alidai amekirithi kwa babu yake. Kisha mzigo ukashuka kichwani, mpagazi akasahauliwa, na mtumba ukawa robota lolote la nguo ghalani kwa mfanyabiashara. Halafu ikaja ile miaka ambayo viwanda vya taifa vilishona nguo nyingi sana kwenye takwimu, na watu wakatembea na viraka juu ya viraka. Misheni zikaleta marobota ya nguo za watu wa mbali, wengine wao marehemu, na raia wakaambiana kwa sauti ya chini kwamba wamevaa kafa Ulaya. Taratibu jina la furushi likahamia kwenye shati lenyewe. Hilo ndilo lililomfurahisha Kasiani, kwamba hapakuwa na waziri, hapakuwa na kamati wala posho ya kikao. Watu walilihamisha neno wenyewe, kama wanavyosaidiana kuhamisha kabati.

Na hawakuishia hapo. Mtumba ukawa gari lililochoka kwingine, ukawa friji, ukawa mume aliyeachwa mtaa wa pili. Kadi ya kumi ilihusu mwanasiasa aliyehama chama. Kadi ya kumi na moja ilimhusu shangazi yake Kasiani mwenyewe.

Shangazi huyo, Zamoyoni binti Mbuya, aliuza mitumba katika Soko la Muda, lililoitwa hivyo tangu miaka hamsini iliyopita. Kipindupindu kilipowachukua wazazi wa Kasiani, yeye ndiye aliyembeba mgongoni akiwa na miaka miwili, akamlaza juu ya rundo la masweta na kumfundisha kusema. Maneno yake ya kwanza yote yalikuwa sehemu za nguo. "Huu ukosi," Zamoyoni alimwambia. "Hili pindo. Hiki kishikizo. Hapa kwapani, usinuse mpaka nifue." Alimpeleka shule ndani ya koti la mtoto wa nchi ya theluji, mikono imekunjwa mara tatu, na watoto walipocheka alimfundisha maneno mengine ambayo Baraza halijayapokea hadi leo.

Siku moja ya Jumamosi Kasiani alikuwa amekaa kibandani kwa shangazi, redio inaunguruma. Mkuu wa Nchi, ambaye cheo chake kamili kilikuwa Baba Mlezi na Mwenyekiti wa Viti Vyote, alikuwa akilihutubia taifa, na katikati ya hotuba aliwashukuru wananchi kwa mavuno mazuri ya zabibu. Nchi hiyo haikuwahi kupanda zabibu. Zamoyoni alikuwa anakung'uta blauzi.

"Hotuba hii nayo mtumba," alisema bila kuinua kichwa. "Mwenyewe huko kwao kaivaa mpaka imechoka. Huyu wetu kafungua robota kaivaa hivyohivyo, hata pasi hajaipiga."

Kasiani alicheka hadi machozi. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa kazi yake, alifuta macho, akatoa kadi mfukoni na kuandika: jina, kazi, Soko la Muda, kibanda namba mia mbili na sita, tarehe, akikung'uta blauzi. Mwandiko ulikuwa mzuri sana.

Mambo yalianza kuharibika kwa sababu ya joto. Waziri wa Viwanda vya Nguo alikuwa anawahutubia mabalozi kuhusu namna taifa lilivyojivika lenyewe kwa jasho lake, na jasho hilo likamzidi. Alivua koti akalitundika kwenye kiti. Mke wa balozi mmoja, aliyekaa nyuma, akaona ndani ya kola kitambaa kidogo chenye jina lililodariziwa kwa uzi wa bluu. Alilidarizi yeye mwenyewe, akiwa msichana, kwa ajili ya baba yake. Mama yule alilichukua koti, akalikumbatia na kulia kwa sauti, akimwita marehemu baba yake kwa lugha yao, na mkalimani wa serikali, ambaye alikuwa amefunzwa kutoacha neno, akatafsiri yote kwenye vipaza sauti.

Magazeti ya kesho yake yaliandika kwamba mke wa balozi ameangua kilio cha furaha kuona maendeleo ya nguo nchini. Lakini watu walikuwa wamesikia. Mjini kote, katika vilinge na foleni za maji, watu walilitamka neno moja tu na kushika mbavu.

Serikali ilikutana siku tatu. Wapo mawaziri waliopendekeza nguo hizo zipigwe marufuku, lakini ilidhihirika kwamba polisi watakaozikamata wamezivaa, mahakimu watakaohukumu wamezivaa, na waliopendekeza, wakikaguliwa kola, nao pia. Basi nguo zikaachwa, likapigwa marufuku neno. Bunge likapitisha Sheria ya Kulinda Heshima ya Mwili wa Raia, na kuanzia siku hiyo kilichokuwa kinaitwa mtumba kikaitwa vazi endelevu. Adhabu ya kulitamka neno la zamani ilikuwa kifungo cha miaka saba, na sheria, kwa busara yake, ilirudi nyuma kukamata yaliyokwisha kusemwa.

Watu wa nchi hiyo ni wepesi kutii kwa namna yao. Wiki haikuisha, sokoni wakawa wanaita, "Endelevu hapa, chagua mwenyewe." Pakawa na magari endelevu, mafriji endelevu, na mjane mmoja wa mtaa wa Zamoyoni alipoolewa tena, harusi ilitangazwa kuwa ya mke endelevu. Kasiani aliyasikia haya akakenua. Alishaandaa kadi mpya.

Kisha Waziri wa Lugha na Mavazi, Mheshimiwa Dokta Injinia Wilibadi Nyakunga, akapanda ngazi ya mbao mwenyewe, amezungukwa na watu sita waliomshika kiuno kwa zamu. Alipopata pumzi aliamuru wafanyakazi wote wasimame mbele ya makabati.

"Kuna neno limejificha humu," alisema. "Litolewe pamoja na maana zake zote. Na Baraza litangaze, kisayansi, kwamba halikuwahi kutumika katika ardhi hii."

Mkurugenzi Mkuu wa Baraza alisema ndiyo mara nne. Wakurugenzi wa Q na X waliunga mkono kwa niaba ya herufi zao. Mambo yangeishia hapo, neno lingefutwa kwa mpira, na kila mtu angekwenda kula mchana. Lakini kuna watu ambao hukaa kimya maisha yao yote mbele ya dhuluma, halafu ukigusa kazi yao tu wanapata ushujaa ambao hakuna aliyewaomba. Kasiani Mbuya alinyoosha mkono.

"Mheshimiwa, haiwezekani."

"Nani anasema haiwezekani?"

"Si mimi, Mheshimiwa. Ni mashahidi." Akavuta droo, akaiweka mezani mbele ya Waziri kwa fahari, kama mama mwenye nyumba anayeweka sinia la pilau. "Baraza letu halijawahi kuandika uvumi. Kila maana hapa ina mtu wake."

Waziri alivaa miwani. Alisoma kadi ya kwanza, akasoma ya pili. Midomo ilikuwa inacheza.

"Kwa hiyo huyu alilisema neno hili."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Siku hii, mahali hapa."

"Kanuni inatutaka tuandike hivyo."

"Na hapa pameandikwa anapoishi." Waziri alivua miwani akamtazama Kasiani kwa upendo wa kweli. "Miaka kumi na miwili Idara ya Usalama inaiomba Serikali watu, inaiomba mitambo, ili tujue nani kasema nini. Kumbe kazi imekwisha. Tena kwa mwandiko unaosomeka. Tena kwa alfabeti."

Hapo ndipo Kasiani alipoelewa alichokiweka mezani. Alinyoosha mkono kwenye droo, polepole, kana kwamba anataka kuinyoosha tu vizuri. Mtu mmoja kati ya wale sita alimshika kifundo kwa adabu. Waziri alikuwa amefika kadi ya kumi na moja, na midomo yake ilikuwa imeacha kucheza.

Makabati yote yalishushwa kwa kamba siku hiyohiyo. Kati ya mashahidi kumi na mmoja wa neno lile, wanane walikuwa wamekufa, lakini sheria haikuwabagua. Hati za kuitwa shaurini zilibandikwa makaburini, na kwa kuwa hakuna marehemu aliyefika, wote wanane waliongezewa kosa la kuidharau mahakama. Kaburi la mzee Mnyamani liliwekwa askari. Shahidi wa kadi ya tisa alikuwa amehamia nchi jirani, ambako alipewa hifadhi na kuulizwa kama ana nguo za kuuza. Wa kumi alikuwa mbunge. Ilibainika kwamba alilitamka neno lile bungeni akiwa usingizini, na kinga ya bunge hufunika hata ndoto. Akabaki mtu mmoja.

Walimchukua Zamoyoni asubuhi, akiwa anapanga suruali za watoto. Majirani walisema hakupiga kelele. Aliwaomba askari wamsubiri afunike bidhaa na turubai, wakamsubiri, na mmoja wao akajipimia kofia.

Kasiani alifika kituoni amechomekea shati vibaya. Mkuu wa zamu, Afande Sikudhani, alimfungulia bila maneno mengi. Mama huyo alimjua Zamoyoni miaka mingi, sare za shule za wanawe zote zilitoka kibandani kwake. Shangazi alikuwa ameketi sakafuni kwenye saruji, miguu ameinyoosha, kiganja kimoja amekiweka kifuani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umekuja na kadi?"

Kasiani alichutama. Hakujua pa kuweka mikono.

"Nilidhani unaandika kitabu, Kasi," alisema Zamoyoni.

"Ni kitabu, shangazi."

"Kitabu gani kina namba ya kibanda changu?" Hakuwa ameinua sauti. "Ungeandika mama mmoja, sokoni. Maana ingepungua nini? Maana ingebaki palepale, na mimi ningekuwa kwangu."

Katika miaka kumi na tisa ya kazi, mbele ya maprofesa na wageni, hakuna mtu aliyewahi kumuuliza Kasiani swali hilo. Alilitazama kwa pande zote na hakupata pa kulishika. Ile namba mia mbili na sita haikumsaidia mtu yeyote kuelewa neno lolote. Aliiandika kwa sababu ilikuwepo, na kwa sababu ilipendeza kwenye mstari.

"Nitakutoa," alisema.

"Nitoe upesi, baba. Sakafu hii inanipanda kifuani."

Pale Wizarani alipokelewa na mwanasheria, mwanamke mpole mwenye sauti ya muuguzi, aliyemkaribisha chai na kumweleza kwamba Serikali haina ugomvi na vikongwe. Njia zilikuwa tatu. Kasiani angeweza kusema kwamba kadi ni ya kweli, shangazi afungwe miaka saba. Angeweza kusema kwamba aliibuni mwenyewe, afungwe yeye.

"Na ya tatu?" aliuliza Kasiani, ambaye alikuwa ameiruka ile ya pili haraka kidogo.

"Ya tatu ni ya kitaalamu. Shahidi wa lugha sharti awe msemaji wa lugha. Kwa mfano kasuku akisema neno, Baraza linamwandikia kadi?"

"Hapana."

"Basi. Wewe ni bingwa wa lugha hii nchini, Bwana Mbuya. Ukithibitisha kwa kiapo kwamba mama yule hajui lugha, kwamba kinachomtoka ni sauti tu, kadi inakufa, kosa linakufa, na mama anakwenda kulala kwake." Alimsogezea karatasi. "Sisi hatuna haraka. Yeye ndiye aliyekaa kwenye saruji."

Kasiani alitia saini. Usimhukumu mapema, msomaji. Nawe pengine una saini yako mahali.

Kamati ya Maana ilikutana kesho yake kuhitimisha. Zamoyoni alisimamishwa mbele ya watu wazima saba, wote wamevaa makoti endelevu. Mwenyekiti alisoma kiapo cha bingwa, akageuka.

"Je, mama, unakubali kwamba huna lugha?"

"Nikikubali," alisema Zamoyoni, "nitakuwa nimekubali kwa lugha gani?"

Mwenyekiti alifikiri. Kisha akamwambia karani aandike kwamba mhusika alitoa sauti.

Alipewa Cheti cha Kutokuwa na Lugha, chenye picha na muhuri, akaelekezwa akivae shingoni kila aingiapo mahali pa umma, na asijaribu kutoa sauti zinazofanana na maneno, maana zingeweza kuwachanganya raia. Sehemu ya maelezo ilikuwa imejazwa na Kasiani kwa mkono wake. Walitoka pamoja. Kwenye mlango wa Wizara Zamoyoni alisimama akamtazama mtoto aliyembeba mgongoni.

"Kumbe nilikulea kwa kubweka," alisema.

Hilo lilikuwa la mwisho alilomwambia kwa muda mrefu. Alirudi kibandani akauza kwa vidole na kwa macho, na biashara haikwenda vibaya. Afisa ushuru alikuja mara moja, akasoma cheti, akaona hana wa kumhoji, akaondoka. Habari hizo zilipoenea, watu wengi wa Soko la Muda waliandika barua kuomba nao watangazwe kuwa hawana lugha, hadi Serikali ikaweka foleni, na katika foleni, kama kawaida, kukawa na njia ya mkato.

Kasiani alipandishwa cheo. Alipewa meza yenye kioo juu na jukumu la kuzipitia herufi zote, kuondoa mashahidi. Kila Jumapili alikwenda kwa shangazi yake. Zamoyoni alimfungulia, akampakulia chakula, akamwekea maji ya kunawa, yote kwa mikono ileile ya siku zote, na hakusema neno. Si kwa kuiogopa sheria, maana ndani mle hapakuwa na askari. Na mara mbili Kasiani, akiwa bado uani anavua viatu, alimsikia akiongea na paka. Alikula akitazama sahani. Iliuma, na alistahili iume, na bado kila Jumapili alirudi, kwa sababu hakuwa na kwingine ambako angeitwa mtoto wa mtu.

Jumapili ya arobaini hakufunguliwa. Alisukuma mlango akamkuta Zamoyoni ameketi kitandani, amevaa tayari, cheti shingoni, uso umekuwa wa majivu.

"Kasi," alisema. "Kifua."

Hospitali ya Rufaa ilikuwa na madirisha manne. Karani wa dirisha la tatu, aliyeandika maelezo ya wagonjwa, alimtazama Zamoyoni, akavuta cheti kwa ncha ya kalamu, akakisoma pande zote mbili.

"Anaumwa nini?"

"Kifua kinanibana," alisema Zamoyoni. "Tangu jana asubuhi. Na mkono huu umekufa ganzi."

Karani alisubiri. Alikuwa kijana mwenye adabu. "Mzee," alimwambia Kasiani, "amesema nini?"

"Umemsikia."

"Nimesikia sauti. Siruhusiwi kuandika sauti. Kama wewe umemwelewa, nitaandika jina lako hapa, mtu aliyemwelewa, na utatia saini. Fomu inakwenda Wizarani."

Nyuma yao foleni ilisogea karibu ili isikie. Kasiani aliijua fomu hiyo. Ilipita mezani kwake kabla ya kuchapwa. Mtu aliyeapa kwamba hamwelewi, akisaini kwamba amemwelewa, ni miaka saba, na kadi ya kumi na moja inafufuka, na shangazi anarudi kwenye saruji. Alijiambia kwamba anamlinda. Nusu ilikuwa kweli. Nusu ya pili ilikuwa hofu, na tuitaje kwa jina lake, kwa kuwa jina hilo bado halijafutwa. Basi akatafuta njia ya kitaalamu.

"Ni mimi ninayeumwa," alisema. "Kifua kinanibana tangu jana asubuhi. Mkono umekufa ganzi. Niandike mimi."

Karani alifurahi. Aliandika yote, neno kwa neno, akampeleka chumba namba tano. Zamoyoni alifuata akijishikiza ukutani, akaketi kwenye benchi mlangoni.

Daktari alimvua Kasiani shati. Alimpima mbele, akampima nyuma, akamwambia avute pumzi, aishike, aiachie. Alimpima tena. Kasiani alikuwa amevuta pumzi na macho yake yako kwenye benchi, na daktari, ambaye hakuwa mjinga, aliyafuata macho hayo, akamwona kikongwe mwenye uso wa majivu, akaona na cheti.

"Kifua chako hakina kitu," alisema taratibu. "Ni kizima kuliko changu."

"Tazama vizuri, dokta."

"Ninaandika ninachokisikia kwenye kifua kilicho mbele yangu." Daktari alikuwa ameshusha sauti. "Niambie ni kifua cha nani, nitakisikiliza hichohicho sasa hivi. Lakini sharti uniambie. Mtu aseme, ndipo niandike."

"Kasi," Zamoyoni alisema kutoka mlangoni, wazi kabisa, kwa Kiswahili alichomfundisha juu ya rundo la masweta. "Sema ni mimi."

Wote wawili walisikia. Daktari aliweka kalamu juu ya karatasi akasubiri. Alisubiri muda wa kutosha, hakuna atakayemlaumu. Kasiani alitazama shingo ya shangazi yake, akauona mwandiko wake mwenyewe, herufi zimelala vizuri kwenye mstari, akafungua mdomo. Halafu akaanza kufunga vifungo vya shati.

Daktari alimwandikia vidonge vya vitamini.

Alipotoka na karatasi mkononi Zamoyoni alikuwa bado ameketi, mgongo umeegemea ukuta, mdomo wazi kidogo kama mtu anayesubiri zamu yake ya kuongea. Kasiani alimwita kwa jina. Aliita shangazi, akaita mama, ambalo hakuwahi kumwita. Watu wa foleni walivua kofia.

Kwenye dirisha la nne, la wanaotoka, karani mwingine alimpa fomu ya kifo. Kasiani alijaza jina, umri, kazi na mahali alipoishi marehemu, bila kusita, hadi alipofika mstari wa mwisho, uliouliza marehemu alisema nini kabla ya kufariki na nani alimsikia. Kisha akaandika kwamba hakusema kitu.

Karani alisoma, akausifu mwandiko, akagonga muhuri na kumwita anayefuata.